Chumvi ya Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchochea moto wa jiko, kumwaga majivu, na kumpandisha bibi kwenye mizani. Mbili za kwanza hazikunisumbua. Ya tatu ndiyo iliyokuwa kazi hasa, maana Bibi Profira hakupanda mizani hivi hivi. Alivua kwanza fulana yake ya sufu, akavua na viatu vya ndani, kisha akautoa msalaba wake wa fedha shingoni na kuuweka mezani, akisema hata msalaba una uzito wake na yeye hataki kusingiziwa. Kitu kimoja tu hakukivua, nacho ni kitambaa cha shingoni. Chini yake kulikuwa na rovu, uvimbe wa ukubwa wa yai la bata aliokuwa nao tangu usichana wake. Hakupenda mtu auone, hata mimi niliyelala naye chumba kimoja.

Akishapanda, mimi nasoma namba na kuiandika katika daftari alilotuletea Nesi Tinca wa zahanati. Ilikuwa amri ya daktari. Wakati wa kiangazi bibi alilazwa mjini wiki mbili, moyo umechoka, miguu imejaa maji, na siku ya kuruhusiwa Daktari Cozma alitukalisha chini akatueleza. Moyo wa bibi haukuwa tena na nguvu za zamani. Chumvi huyashika maji mwilini, na maji yakizidi moyo unashindwa kuyasukuma, kwa hiyo chumvi basi. Asitiliwe kwenye chakula, wala asile kabichi ya pipa, ile inayolowekwa maji ya chumvi, wala jibini, wala nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Apimwe uzito kila siku, na ukipanda kilo mbili kwa siku tatu, tupige simu siku hiyo hiyo.

Baba alifanya kazi ya kupasua mbao, akitoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mama alikuwa Italia, mwaka wa tatu huo, akimtunza bibi wa watu wengine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na daftari likawa langu. Mama aliniambia kwenye simu, "Smaranda, mimi siko. Macho yangu huko ni wewe." Nilijiona mtu mzima, na kusema kweli nilijivuna.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Shida ilianza katikati ya Novemba, tulipoingia kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi. Nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna. Baba na mimi tulikula maharage na kabichi ya pipa, tukashiba. Bibi alikuwa na ugali usio na chumvi, viazi visivyo na chumvi na maharage yasiyo na chumvi. Padri mwenyewe alimwambia wagonjwa hawafungi, naye akamjibu kwamba amefunga tangu ana miaka saba na hataanza uvivu leo.

Aliuzungusha ugali mdomoni weee, akasema ni kama kutafuna soksi. Ikafika siku anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Mashavu yakaingia ndani. Akawa mkali kwa kila mtu, hata paka hakusalimika. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa mezani zile sahani zilizojaa, na roho iliniuma.

Sasa, huku kwetu milimani, wilaya ya Neamț, nyuma ya msitu wa misonobari, kuna kisima cha maji ya chumvi ambacho si mali ya mtu. Kimezungushiwa gogo la mwaloni lililotobolewa katikati, waliliweka mababu, na kila nyumba ya kijiji chetu huchota hapo. Maji yake ni makali kiasi kwamba yai zima ukilitia linaelea. Tunayatumia kwenye mapipa ya kabichi, kwenye jibini na kwenye nyama ya Krismasi. Ukiyachemsha mpaka yakauke inabaki chumvi laini, nyeupe, tunayoiita huska. Wazee wetu wanaiheshimu huska kama dawa, na wengi wao chumvi ya duka hawataki hata kuiona.

Bibi alikuwa na ruhusa ya maji yale kwa jambo moja tu, kulowekea miguu. Daktari alikubali, akasema kwa nje hayana neno. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda kisimani na dumu la lita tano, nikirudi napasha maji, namwekea beseni.

Jumamosi moja, maji yakiwa motoni na baba yuko nje anapasua kuni, bibi aliniita karibu. Akaniambia kwa sauti ya chini nimimine kidogo kwenye sufuria ndogo, niyaache mpaka yakauke. Nilimwangalia.

"Bibi, daktari kakataza chumvi."

"Kakataza chumvi, ndiyo. Chumvi ni ile ya duka, wanaitia madawa kiwandani. Hii si chumvi, hii ni huska."

"Si inatoka kwenye maji ya chumvi?"

"Na wewe umetoka kwa mama yako. Wewe ni mama yako?"

Bibi akaendelea kunieleza kwamba mama yake aliila huska mpaka miaka tisini na moja, akafa na meno yake mdomoni, na kwamba Daktari Cozma ni mtoto wa mjini, anajua nini habari za kisima chetu. Kisha akanishika mkono, na sauti yake ikabadilika.

"Mjukuu wangu, mimi sitakufa kwa moyo. Nitakufa kwa njaa, mbele ya sahani iliyojaa."

Hilo nilikuwa nimekwisha kuanza kuliogopa mwenyewe. Nikachemsha. Ikatoka huska ya kujaa kikombe cha kahawa. Bibi akaitia kwenye kimfuko cha kitambaa, akakizamisha chini kabisa ya kopo lake la vifungo, na vifungo akavirudisha juu. Halafu akaniambia niweke mkono kwenye picha ya Mtakatifu Paraschiva iliyo ukutani, niape kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa. Jioni ile alikula bakuli zima la maharage akaomba jingine, na baba akasema hamu ya mama imerudi. Bibi akanikonyeza. Nilifurahi kuliko wote, Mungu anisamehe.

Huska ya kikombe haikukaa. Katikati ya wiki ilikuwa imekwisha, nikaanza kwenda kisimani Jumatano pia. Huko ndiko alikonikuta Gavril, mtoto wa jirani tunayesoma naye darasa moja. Alikuwa na yai mfukoni. Baba yake alikuwa akijiandaa kwa Ignat, siku ya kuchinja nguruwe, na alimtuma apime ukali wa maji. Alilitia yai kwenye ndoo, likaelea, akalitoa na kulifuta kwa mkono wa koti.

"Wewe kila siku uko hapa," akasema. "Bibi yako analoweka miguu, au siku hizi anaoga mwili mzima?"

Nikamwambia ashike hamsini zake. Hakuzishika. Alinisimulia kwamba babu yake naye aliambiwa aache chumvi, akaacha ya mezani, lakini kila asubuhi akawa anakunywa kikombe cha maji ya kwenye pipa la kabichi, akisema hayo ni mboga.

"Na sasa yuko wapi?" nikamuuliza, maana mdomo wangu hutangulia akili.

"Si unajua aliko," Gavril akasema, akachukua ndoo yake akaondoka.

Nilijua. Mwaka uliopita nilikula ngano tamu iliyogawiwa kwenye mazishi yake. Nilirudi nyumbani lile dumu likinilemea kuliko siku zote, huku najiambia kwamba maji ya kabichi ni kitu kingine na huska ni kitu kingine. Maneno ya bibi yalinifaa sana siku hiyo.

Jumatatu iliyofuata mizani ilisoma sabini, kama kawaida. Jumanne sabini na moja. Alhamisi asubuhi ikasoma sabini na mbili na nusu. Niliinama nikasoma tena. Hesabu yake haikuwa ngumu, hata mtoto wa darasa la kwanza angeijua.

Bibi aliuona uso wangu akauliza ngapi. Nikamwambia. Akashuka, akauvaa msalaba wake taratibu.

"Andika sabini," akasema.

"Bibi, daktari alisema tupige simu."

"Ukipiga simu watanibeba leo hii. Mama yako anakuja Krismasi, siku kumi tu kapewa. Unataka anikute nimelala kwenye kitanda cha serikali? Ni haya maharage tu, yatashuka. Andika sabini."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mwake. Hilo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Niliandika sabini. Kesho yake ikawa rahisi zaidi, na siku iliyofuata sikungoja kuambiwa. Nikawa hodari kabisa, naongeza robo hapa, napunguza robo pale, ili ionekane kweli.

Jumapili mama alipiga simu. Aliuliza bibi anakulaje, nikasema vizuri. Akauliza kama ni bila chumvi, nikasema bila chumvi. Akauliza uzito, nikasema sabini. Mama akashusha pumzi akaniambia, "Ahsante mwanangu. Napata usingizi huku kwa sababu yako." Nilikata simu nikaenda bandani kwa kuku, nikalia huko mpaka pua ikaziba, kisha nikanawa uso kwa theluji.

Siku chache baadaye akaja Nesi Tinca. Bibi alikuwa amejilaza mapema, kajifunika, soksi za sufu mpaka magotini. Presha ilikuwa juu. Nesi alitaka kuiona miguu, bibi akasema anasikia baridi, amhurumie. Basi nesi akafungua daftari. Sabini, sabini na robo, sabini. Akasema angalau uzito umetulia, presha atamweleza daktari, na akanisifu mbele ya bibi kwa mwandiko mzuri. Nilimfuata mpaka getini na maneno yakiwa yameshafika kooni. Akageuka, akauliza kama kuna jambo. Nikamwambia awe mwangalifu, njiani kuna barafu.

Bibi sasa alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Asubuhi moja nilipokuwa nikimvalisha soksi, kidole changu kilizama mguuni mwake kama kwenye unga wa mkate, kikaacha shimo, na shimo halikufutika. Niliogopa, nikamwambia tuache huska. Akasema tutaiacha baada ya Ignat, sikukuu yenyewe ni mara moja kwa mwaka.

Ignat haikutukuta nyumbani. Siku tatu kabla yake niliamka nikamkuta bibi kakaa ukingoni mwa kitanda, midomo imekuwa ya bluu, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima mbio, na kifuani mwake kunatokota. Alitaka kusema kitu, hakuweza. Akanyoosha kidole kwenye kopo la vifungo. Sikujua anataka nilifiche au nilitoe. Nilitoka mbio kwenda kumwita baba aliyekuwa anawasha gari, miguu mitupu kwenye theluji, na sikuisikia baridi.

Gari la wagonjwa lilipokuja baba alichukua daftari, kama tulivyoagizwa. Mimi nilichukua kopo, nikalitia mfukoni mwa koti. Hadi leo sijui kwa nini.

Mjini walimwingiza kwenye mlango ambao sisi hatukuruhusiwa kupita. Tulikaa kwenye benchi la korido saa mbili nzima. Daktari Cozma alipotoka alikuwa na daftari letu mkononi. Akamwambia baba kwamba wamempa bibi hewa ya mtungi na dawa ya kutoa maji, na kwamba wamempima. Kilo sabini na tano. Daftari la jana linasema sabini na robo.

Baba alikuna kichwa. "Itakuwa mizani yetu mbovu, daktari. Niliinunua sokoni, ya bei rahisi."

"Huenda. Na chumvi?"

"Hata punje. Anayempikia ni huyu binti yangu, na namwamini kuliko ninavyojiamini mimi."

Daktari akalifunga daftari na kushusha sauti. Alieleza kwamba kama bibi hali chumvi, na vidonge anameza, na bado maji yamemjaa kiasi hiki, basi ni moyo wenyewe umefika mwisho wake. Watajaribu. Lakini baba ampigie simu mama aje leo au kesho, asingoje Krismasi. Baba akatoa simu. Akawa anatafuta jina la mama na halioni.

Mimi nilikuwa palepale kwenye benchi. Kila kitu kilikuwa kimeshapata maelezo yake. Mizani imebeba lawama, moyo wa bibi umebeba lawama, na hakuna aliyeniangalia mimi. Ningenyamaza asingejua mtu, isipokuwa bibi, na bibi alikuwa hawezi kusema. Nikaiona picha ya Mtakatifu Paraschiva na mkono wangu juu yake. Kisha nikamwona bibi anakufa kwa ugonjwa ambao si wenyewe, na mimi nimekaa na sababu yake mfukoni. Nikasimama.

"Mizani ni nzima," nikasema.

"Smaranda, nyamaza, watu wazima wanazungumza," baba akasema bila kuniangalia.

"Mizani ni nzima, baba. Mimi ndiye niliyeandika uongo. Na bibi anakula chumvi. Anakula huska, namchemshia mimi."

Nikalitoa kopo na kulimwaga juu ya benchi. Vifungo vikatawanyika, vingine vikabingirika korido nzima, na chini yake kikatoka kimfuko, nusu yake bado imejaa. Baba hakunigombeza. Aliniangalia tu, kisha akaketi kama mtu aliyekatwa miguu. Heri angenipiga.

Daktari hakuwa na muda wa kushangaa. Aliniuliza ni tangu lini, kiasi gani kwa siku, na je, vidonge alikuwa akimeza vyote. Akaniuliza kama nazikumbuka namba za kweli. Nilizikumbuka zote. Uongo niliokuwa nikiuandika nilikuwa nimeshausahau, ila zile namba za mizani zilikuwa zimenikaa kichwani moja baada ya moja, nikazitaja na yeye akaziandika pembeni mwa zangu.

"Hii ni habari nyingine kabisa," akasema, akarudi mlangoni kwa haraka. Baba akamuuliza ampigie mama au asipige. Daktari akasema, "Ngoja mpaka kesho asubuhi."

Asubuhi bibi alikuwa ametoa maji ya kujaa ndoo ndogo na midomo imerudi rangi yake. Baba alipiga simu kwa mama, lakini ya kumwambia kwamba mama yake mkwe anapumua. Kisha akanipa simu nimweleze mwenyewe yaliyobaki. Nilimweleza. Upande wa pili mama akaanza kulia, na sikujua kama ananililia mimi au bibi.

Siku ya tatu Daktari Cozma aliniita ofisini kwake. Mezani alikuwa ameweka visahani vitatu. Kimoja kilikuwa na chumvi laini ya duka, kingine chumvi ya mawe ya kutengenezea kabichi, na cha tatu ile huska yetu. Akaniambia nionje kila moja kwa ncha ya kidole na nimwambie ipi ni chumvi. Nikasema ni zote.

"Basi mwili wa bibi yako nao umesema hivyo hivyo. Haujali imetoka kisimani, mgodini au baharini. Shemeji yangu ananunua ya rangi ya waridi kutoka mbali, bei ya kukutoa machozi, na nayo inashika maji kama hizi. Na kuna nyingine ya duka la dawa, wanasema ni badala ya chumvi. Hiyo ukimpa bibi pamoja na vidonge vyake inaweza kuusimamisha moyo. Usije ukaileta nyumbani bila kuniuliza."

Nilitikisa kichwa kukubali. Alivuta kisahani cha chumvi ya duka karibu yangu. "Ila tofauti moja ipo, na bibi yako ameishika kinyume. Yale anayoyaita madawa ya kiwandani ni madini joto. Huska haina ya kutosha. Unajua kwa nini bibi yako havui kitambaa cha shingoni?"

Nikasema najua, ana rovu.

"Wazee wengi wa milimani wanafunga vitambaa hivyo. Walipokuwa na umri wako, madini joto hayakuwa kwenye chakula chao." Akaishika shingo yangu kwa vidole viwili, akaipapasa, akasema iko salama. Mimi nitumie hii ya duka, kidogo, na bibi asitumie yoyote. Kisha akalifungua lile daftari na kunionyesha safu mbili za namba, zangu na za kweli. "Chumvi ilimjaza maji," akasema. "Lakini Alhamisi ile daftari lingenipigia kelele, ningemtibu kwa vidonge viwili akiwa nyumbani kwenu. Ulilifunga mdomo."

Bibi alikuwa hasemi nami. Nilipoingia wodini aligeukia ukutani. Neno moja tu alinipa, "Uliapa," basi. Mama alifika, tukamrudisha bibi nyumbani siku mbili kabla ya Krismasi, na bado aliniomba kitu kwa kupitia paka. "Mwambie huyo aniletee mto." Lililoniuma zaidi lilikuwa la asubuhi. Baba ndiye aliyempandisha mizani sasa. Daftari lilikaa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wangu haufiki, na hakuna aliyenieleza sababu kwa kuwa niliijua. Nilichochea moto, nikamwaga majivu, nikaenda kukaa na kuku.

Mama alitwanga vitunguu saumu, akatia siki na majani makavu ya porini, akampikia bibi nyama ya Krismasi bila punje ya chumvi. Bibi alikula, akasema inalika. Siku ya pili ya Krismasi asubuhi, baba alipoweka mizani sakafuni, bibi alimzuia kwa mkono.

"Wewe macho yako mabovu. Na aje yule mwenye macho."

Nikaja. Bibi akavua fulana, akavua viatu, akauweka msalaba mezani. Kisha akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua na kitambaa. Mbele yetu sote, akakikunja, akakiweka juu ya msalaba, na kupanda mizani. Niliinama nikasoma. Nikasoma tena.

"Ngapi?" bibi akauliza.

"Sabini na moja."

"Na jana?"

"Jana sabini, mama," baba akajibu.

Mama aliniangalia, akamwangalia bibi. Bibi alikuwa ananitazama mimi, na nilidhani nayajua maneno yanayokuja. Akashuka, akakohoa.

"Jana mlipotoka nje kuwapokea watoto wa kuimba nyimbo za Krismasi, nilikula soseji. Ile aliyoileta mama yake Gavril. Moja." Akavaa kiatu kimoja. "Moja na nusu. Andika sabini na moja, na uandike na soseji."

Mama akasema kwamba kilo mbili hazijafika. Bibi akamwambia hakumuuliza yeye, nesi ndiye atakayesema. Baba akalishusha daftari kutoka juu ya kabati, akanipa pamoja na kalamu. Nilipokuwa natafuta ukurasa bibi akaniwekea mkono begani, mkono wake ule mkavu, mara ya kwanza tangu siku ile ya benchi.

"Kile kiapo nilikuapisha mimi, na dhambi yake ni yangu. Padri wa hospitali amenigombeza kuliko nilivyokununia wewe. Nisikilize, mjukuu wangu. Mtu mzima akikuapisha ufiche kitu kinachomuumiza, hata akiwa ni mimi, huyo hajakupa siri, amekutwisha mzigo wake. Usiubebe. Kimbia kamwambie mwingine, na anune anavyotaka. Mimi nimenuna siku tisa, na nimenuna nikiwa hai."

Niliandika tarehe, nikaandika sabini na moja, nikaandika soseji moja na nusu. Halafu nikachukua simu ya mama nikampigia Nesi Tinca.